Keria ya Kujitengenezea Ipimwe Inaposhikia

Oktoba 6, 1973, siku ileile vita vya Waarabu na Israeli vilipolipuka, mwandishi wa habari Ted Simon aliondoka London akiwa juu ya Triumph Tiger 100 ya cc 500. Huko nyuma, kiwanda cha Triumph cha Meriden kilikuwa mikononi mwa wafanyakazi waliogoma kukiacha kifungwe. Simon alishuka Afrika kupitia Misri, Sudan, Ethiopia, Kenya na Tanzania, akavuka kwenda mabara mengine, na akarudi nyumbani baada ya miaka minne. Wanaoisimulia safari hiyo hupenda kuzungumzia injini, mafuta na mipaka. Ni wachache wanaouliza mzigo wa mtu wa miaka minne ulikaa wapi kwenye pikipiki nyembamba kiasi kile, na ulishikwa na nini. Swali hilo linamhusu kila mwenye BSA, Triumph, BMW ya miaka ya 1970 au Honda Benly iliyowahi kumzungusha bwana shamba vijijini, anayetaka kuifunga keria na kwenda nayo mbali.

Vijiweni ubishi huwa ni wa malighafi: alumini au chuma, boksi gumu au begi la turubai, ya dukani au ya fundi. Ubishi huo unaanzia mahali pasipo. Keria haibebi mzigo. Inaupokea tu na kuukabidhi kwa fremu. Kwa hiyo jambo la kwanza la kuamua ni bolti zitashika wapi, la pili ni mzigo utakaa umbali gani kutoka ekseli ya nyuma, na malighafi inakuja baada ya hayo mawili. Keria ya nondo iliyoshika mahali sahihi itafika Mbeya. Ya alumini inayong'aa, ikining'inia kwenye madigadi, huenda isivuke Chalinze.

Fremu za Kiingereza za miaka ya 1950 na 1960 hazikutengenezwa kama za leo. Nyingi zina mirija iliyochomekwa kwenye vishikio vya chuma cha kusubu, kisha kiungo kikajazwa shaba iliyoyeyushwa. Sehemu ya nyuma, chini ya kiti, mara nyingi ni kipande cha pekee chenye mirija myembamba, kimefungwa kwa bolti kwenye fremu kuu, na kazi yake ilikuwa kumbeba abiria anayekaa mbele ya ekseli ya nyuma. Katika sehemu hiyo, palipo imara ni pachache na panajulikana: bolti ya juu ya shokapu, bolti ya pedali ya abiria, na pale kipande cha nyuma kinapokutana na fremu kuu. Madigadi, vishikio vyake na kibati cha taa ya nyuma ni bati la kuzuia tope. Keria iliyofungwa hapo inaweza kuonekana ngumu sana ikiwa imesimama kwenye stendi, lakini rasta za barabara kuu zitaonyesha mapema kwamba bati halikuumbwa kwa kazi hiyo. Mkono unaoshika tairi la nyuma nao ni mwiko, kwa sababu unapanda na kushuka kwenye kila shimo. Keria yenye mguu mmoja kwenye mkono huo na mwingine kwenye fremu inajipinda yenyewe mpaka ikatike.

Hapa fundi wa kuchomelea atapendekeza njia ya mkato: achomelee masikio mapya moja kwa moja kwenye fremu, kazi ya nusu saa. Akataliwe kwa heshima. Shaba ya kuungia huyeyuka kwenye nyuzijoto takriban 900, ilhali chuma huyeyuka karibu na 1,500, hivyo moto wa kuchomelea ukipita jirani na kishikio unaweza kukilegeza kiungo ambacho jicho halikioni. Chuma cha kusubu chenyewe hugeuka kuwa cha kukwanyuka kinapopashwa na kupoa ghafla. Nje rangi itapigwa na pataonekana pazuri. Njia salama ni keria nzima kuchomelewa mezani, pembeni ya pikipiki, kisha ije kufungwa kwa bolti kwenye matundu ambayo kiwanda kiliyaacha. Kama hakuna budi kuijaribisha keria ikiwa juu ya pikipiki na kuishika kwa tone moja au mawili ya moto, betri iondolewe kwanza, na waya wa ardhi ubanwe kwenye keria yenyewe.

Sasa umbali, maana hapa hesabu ndogo inasema mengi kuliko ushauri. Chukua pikipiki ambayo kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni milimita 1,400, kipimo ambacho hakiko mbali na cha nyingi za enzi hizo. Weka kilo 20 kwenye keria ya juu, katikati ya mzigo pakiwa milimita 350 nyuma ya ekseli ya nyuma. Kwa kanuni ya wenzo, tairi la nyuma halibebi 20 bali 25, na tairi la mbele linapunguziwa kilo 5. Shusha mzigo uleule ubavuni na uusogeze hadi milimita 210 mbele ya ekseli: nyuma zinaenda kilo 17, mbele kilo 3. Tofauti ya kilo 8 kwenye tairi linaloongoza pikipiki, bila kuacha nyumbani hata soksi moja. Hayo ni mahesabu ya pikipiki iliyosimama. Ikiruka tuta, kila kilo iliyo nyuma ya ekseli huvuta usukani juu wakati ambao dereva anauhitaji zaidi. Yule anayelalamika kwamba Triumph yake huyumba kichwa kwa kasi ya kilomita 90 kwa saa aanze kwa kutazama hema na dumu la maji amevifunga wapi, kabla hajalaumu beringi za usukani.

Ndiyo maana keria nzuri ya safari ni fremu mbili za ubavuni kwanza, na sehemu ya juu ni nyongeza ya vitu vyepesi kama godoro la kulalia na koti la mvua. Spana, spea na chakula cha kopo vikae chini, mbele, pande zote mbili kwa uzito unaolingana. Kuna kinachozuia kusogeza mbele zaidi: mapaja ya abiria kama yupo, na kiki. Pikipiki kongwe huwashwa kwa mguu, na keria inayoubana mguu unaopiga kiki itachukiwa kabla ya Morogoro. Ekzosi nayo inahitaji nafasi, la sivyo begi la turubai litaungua taratibu upande mmoja. Na tairi la nyuma liweze kutolewa, na cheni kukazwa, bila kufungua keria.

Malighafi, basi. Mafundi wetu wa Gerezani na Kamukunji huzoea nondo, kwa kuwa ipo na haina hila. Nondo ya milimita 12 ina uzito wa gramu 888 kwa mita. Bomba la chuma la kipenyo cha milimita 16 lenye ukuta wa milimita 1.5 lina gramu takriban 536 kwa mita, na bado linapinga kupinda kwa zaidi ya mara moja na nusu ya ile nondo. Sababu ni kwamba chuma kilicho mbali na katikati ndicho kinachofanya kazi ya kuzuia kupinda. Kile cha ndani kinabebwa bure. Keria inayomeza mita sita za nondo ikitengenezwa kwa bomba hupungua uzito kwa kilo mbili na zaidi, na inakuwa ngumu zaidi. Tahadhari moja: lisiwe bomba la maji lenye zinki. Moshi wa zinki humletea fundi homa, na mshono wake huwa na matundu.

Alumini ina sifa zake, na kwa maboksi yenyewe ni chaguo la haki. Kwa keria ya pikipiki kongwe naiona haifai. Injini ya Triumph ya silinda mbili, pistoni zake zikipanda na kushuka pamoja, hutetema mfululizo. Chuma laini kikipewa mkazo ulio chini ya kiwango fulani huvumilia mtetemo huo mamilioni ya mara. Alumini haina kiwango hicho cha usalama, inachoka tu, polepole au haraka. Tena alumini ngumu ya viwandani hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake pale pale ilipochomelewa. Ikikatika njiani inahitaji mashine ya gesi na fundi aliyeizoea, wakati chuma kitashonwa na yeyote mwenye mashine na vijiti vya kuchomelea. Cha kuongeza kwenye chuma ni umbo la pembetatu: mguu mmoja wima, mmoja ulale, na bomba moja lipite nyuma ya kibati cha namba kuunganisha kushoto na kulia. Bomba hilo la nyuma likikosekana, kila upande hucheza wimbo wake, na nyufa huanzia kwenye mishono.

Yupo atakayesema: mbona bodaboda hubeba magunia ya mkaa na kreti za soda kwenye nondo zilizounganishwa kwa jicho tu, na maisha yanaendelea? Ni kweli, na ukitazama keria zao nyingi utaona miguu inashuka hadi kwenye bolti za shokapu, jambo linalounga mkono hoja hii. Lakini Boxer ya bodaboda hukimbia masafa mafupi, humpita fundi wake kila siku, na spea zake zimejaa kila duka. Mwenye Tiger 100 hana hata kimoja kati ya hivyo akiwa kati ya Iringa na mpaka wa Zambia.

Mwingine atauliza kwa nini usinunue iliyo tayari. Craven ya Uingereza ilikuwa na jina zuri katika miaka ya 1950 na 1960, na Krauser ya Ujerumani iliwavisha wenye BMW wengi katika miaka ya 1970. Ukiipata ya modeli yako, ichukue. Lakini keria hizo zilipindwa kufuata fremu maalumu, na kuilazimisha ikae kwenye pikipiki nyingine ni kurudi kulekule kwa vibati na madigadi. Faida yake kubwa kwa fundi wetu ni ya kuiga: picha moja ya ubavuni inatosha kuonyesha waliobuni kwa makini walichagua bolti zipi.

Mpenzi wa vitu vya asili ana hoja nzito kuliko wote: pikipiki iliyotoka kiwandani mwaka 1965 haipaswi kutobolewa. Haitobolewi. Keria inayoshika matundu yaliyokuwepo hutoka kwa spana mbili siku ya maonyesho. Hoja yake inadai jambo moja zaidi, ambalo mafundi wengi hulipinga kwa fahari ya kazi yao: mguu wa keria uwe dhaifu kuliko sikio la fremu unaloshika. Pikipiki ikianguka na mzigo wake, kitu fulani lazima kikubali. Mguu wa flatibaa ya milimita 5 ukikatika Makambako, unachomelewa Makambako mchana uleule kwa bei ya chakula. Sikio la fremu likikatika, inatolewa injini, inavuliwa fremu nzima, na anatafutwa mtu ambaye bado anajua kuunga kwa shaba.