Ujerumani: Mbunge aliyenyimwa orodha na chama chake akapewa kiti na raia

Eneo la uchaguzi la Friedrichshain-Kreuzberg, mjini Berlin, linaunganisha mitaa miwili iliyotengwa zamani na Ukuta na mto Spree. Nchini Ujerumani, mpiga kura ana kura mbili: moja ya mtu, nyingine ya chama.

Mwaka wa 2002, chama cha Kijani kilimnyima Hans-Christian Ströbele, mpinzani wa vita vya Afghanistan, nafasi nzuri kwenye orodha. Akawaendea raia mwenyewe. Kampeni yake ilisema kumchagua Ströbele ni kumtesa Fischer, yaani waziri wa mambo ya nje, wa chama kilekile! Akashinda, kiti cha kwanza cha eneo kwa Kijani katika Bundestag, kisha mara tatu tena.

Canan Bayram alikirithi 2017. Tarehe 23 Februari 2025, kilichukuliwa na Pascal Meiser wa Die Linke.