Kioo cha Simu na Gunia la Mahindi

Huku Bungoma mweka hazina wa kikundi kimoja cha akina mama aliangusha simu. Kioo kilipasuka kidogo tu, akaendelea kuitumia. Baada ya siku chache doa jeusi likatokea pembeni, likaenea mpaka skrini yote ikawa giza. Hesabu ya kikundi ilikuwa humo. Wengine wakaanza kunong'ona kwamba ameificha makusudi. Lakini doa lile lina sababu yake, na inafaa tuielewe.

Simu nyingi za siku hizi zina skrini ya aina ya OLED. Ndani yake mna vitu vyenye asili ya kaboni ambavyo vikipitiwa na stima vinang'aa vyenyewe. Miaka ya 1960 vitu vya namna hiyo vilihitaji mamia ya volti ndipo viwake. Mwaka 1987 Ching Tang na Steven Van Slyke wa kampuni ya Kodak, Marekani, walitangaza mpango mwingine. Badala ya tabaka moja waliweka mawili. Moja lilipitisha chaji chanya kwa urahisi, la pili likapitisha chaji hasi. Chaji zikawa zinakutana mpakani badala ya kupitana bure, na mwanga ukatoka kwa volti zisizofika 10. Siku hizi matabaka yameongezwa, kila moja na kazi yake, na yote pamoja bado ni membamba mno kuliko unywele.

Mkulima wa Kitale anajua jambo hili. Lile gunia la kuhifadhia mahindi bila dawa lina mifuko miwili ya plastiki ndani, na la tatu la nje. La nje linabeba uzito, ya ndani inazuia hewa, na wadudu wanakosa pumzi. Toboa ile mifuko uone! Hata simu ni vivyo hivyo. Matabaka yake yamezibwa, lakini ufa ukifika ndani, unyevu na hewa vinaingia na kuyaharibu. Ndilo hilo doa jeusi.

Basi tufanye nini?

1. Ukiona doa, nakili hesabu na namba siku hiyo hiyo. Doa halirudi nyuma, hata ukianika simu juani.

2. Pesa za M-Pesa hazikai kwenye kioo. Weka laini kwenye simu nyingine, utazikuta.

3. Ukibadilisha skrini, omba fundi aiwashe gizani ikiwa na picha nyeusi tupu. OLED itakuwa giza totoro. Ile ya bei rahisi, yenye taa nyuma yake, itaonekana kijivu. Usilipie moja ukapewa nyingine.

4. Kila kikundi kiwe pia na daftari.

Na kabla hatujamshuku mwenzetu, tuulize kwanza simu yake imepatwa na nini. Yule mama hakuwa mwizi.