MICHEZO YA KOMPYUTA: Bunduki ghali haimfai anayenunua peke yake

MZAZI anayechungulia skrini ya mwanawe na kuona vijana kumi wakirushiana risasi huenda akadhani kwamba mshindi ni yule mwenye shabaha kali na bunduki kubwa kuliko wenzake. Shabaha ni muhimu, hilo halina ubishi. Hata hivyo, katika Counter-Strike, mmojawapo wa michezo ya aina hiyo inayoshindaniwa sana duniani, mechi nyingi huanza kupotea kabla ya risasi ya kwanza kufyatuliwa. Hupotea dukani.

Mchezo huu ulianzishwa mwaka wa 1999 na vijana wawili, Minh Le na Jess Cliffe, walioutengeneza juu ya mchezo mwingine uitwao Half-Life. Kampuni ya Valve ya Marekani iliutoa rasmi mwaka wa 2000. Toleo jipya, Counter-Strike 2, lilitoka Septemba 2023, na bei zitakazotajwa hapa ni za toleo hilo.

Timu ni mbili, kila moja ikiwa na wachezaji watano. Moja hushambulia na kujaribu kutega bomu. Nyingine hulinda na kulitegua. Mechi huchezwa kwa raundi fupi fupi, na timu ya kwanza kushinda raundi 13 ndiyo mshindi. Baada ya raundi 12 timu hubadilishana majukumu.

Kila mchezaji ana mfuko wake wa dola za mchezo, ambazo si pesa za kweli. Raundi inapoanza, hupewa sekunde chache za kununua silaha na vifaa. Anayeuawa hupoteza alichobeba. Anayenusurika huingia nacho katika raundi inayofuata. Hapo ndipo hesabu inapoanzia.

Katika raundi ya kwanza kila mmoja hupewa dola 800 na bastola ya bure. Fulana ya kuzuia risasi ni dola 650, kwa hivyo anayeinunua hubaki na dola 150 zisizotosha hata gurunedi ya kupofusha, ambayo ni dola 200. Mlinzi anaweza kuiacha fulana, akanunua kifaa cha kutegulia bomu kwa dola 400 na gurunedi ya moshi kwa dola 300. Kifaa hicho hupunguza muda wa kutegua kutoka sekunde kumi hadi tano. Kwa kuwa bomu hulipuka sekunde 40 baada ya kutegwa, sekunde tano hizo zinaweza kuamua raundi nzima.

Baada ya hapo mapato hutegemea matokeo. Kumuua adui kwa bunduki kubwa ya kawaida huleta dola 300. Anayetumia rashasha nyingi ndogo, ambazo ni dhaifu na za bei nafuu, hulipwa dola 600. Timu inayoshindwa nayo haiachwi mikono mitupu: kila mchezaji wake hufidiwa kuanzia dola 1,400, na fidia hiyo huongezeka kwa dola 500 kadiri timu inavyozidi kushindwa mfululizo, hadi kufikia kilele cha dola 3,400.

Sasa tuchukue mfano. Timu inayoshambulia imeshindwa na kila mchezaji amesalia na dola 3,000. Bunduki aina ya AK-47 ni dola 2,700. Mchezaji asiye na subira huinunua papo hapo, akabaki na dola 300 na kifua wazi. Wenzake wanne wanaamua kutonunua chochote na kucheza na bastola zao za bure.

Tuseme wanashindwa tena, wote wanauawa, na kila mmoja anafidiwa dola 2,400. Wale wanne sasa wana dola 5,400 kila mmoja. Wanaweza kununua AK-47, fulana pamoja na helmeti kwa dola 1,000, gurunedi ya moshi na mbili za kupofusha. Jumla ni dola 4,400, na bado kila mmoja anabaki na dola 1,000.

Mwenzao aliyekimbilia bunduki ana dola 2,700 tu. Ama anunue AK-47 bila fulana, ama avae fulana na kushika silaha ya bei nafuu zaidi. Mchezo unamruhusu mtu kununua bunduki na kumrushia mwenzake, lakini hapa hakuna mwenye uwezo wa kumnunulia ya pili bila kujinyima fulana yake mwenyewe. Pupa ya raundi moja imeacha pengo katika raundi ambayo timu nzima ilikuwa imejinyima kwa ajili yake.

Fulana yenyewe si pambo. Mbali na kupunguza makali ya risasi, humsaidia aliyeivaa asiyumbishwe sana shabaha yake anapopigwa. Ndiyo maana wachezaji wazoefu husita kununua bunduki kubwa ikiwa hawana pesa za fulana.

Hata hivyo, kifaa ghali zaidi si lazima kiwe bora zaidi. AK-47 ya washambuliaji humuua mtu kwa risasi moja ya kichwa hata akiwa amevaa helmeti. Kwa sababu hiyo, mlinzi anayejua kwamba wapinzani wote wana AK-47 aghalabu hununua fulana ya dola 650 pekee na kuiacha helmeti. Dola 350 anazookoa hutosha kununua gurunedi ya moshi. Lakini wapinzani wakiwa na bastola au rashasha ndogo, helmeti hiyo hiyo huwa na thamani kubwa.

Vivyo hivyo, bunduki ya mdunguaji iitwayo AWP, ya dola 4,750, humuua adui kwa risasi moja ya kifua. Lakini kila anayeuawa nayo humletea mwenyewe dola 100 tu, na akiuawa, adui anaweza kuiokota. Timu isiyo na akiba ikiipoteza huwa imejifilisi na kumpa adui silaha kwa mkupuo mmoja.

Wahenga walisema akiba haiozi, ila katika mchezo huu kuna mahali inapooza. Baada ya raundi ya 12, timu zinapobadilishana majukumu, kila mfuko hurudishwa kwenye dola 800. Anayebana matumizi katika raundi hiyo anajinyima bure.

Hali ni hiyo hiyo timu inapokabiliwa na raundi ya kufa kupona. Januari 28, 2018, katika fainali ya Boston nchini Marekani, Cloud9 walikuwa nyuma ya FaZe kwa raundi 15 kwa 11 katika ramani ya mwisho, enzi ambapo raundi 16 ndizo zilizoleta ushindi. Kuweka akiba na kuipoteza raundi moja kungemaanisha kwisha kwa mechi. Cloud9 walisawazisha, kisha wakashinda 22 kwa 19 katika muda wa ziada na kuwa timu ya kwanza ya Marekani kutwaa taji hilo kuu.

Ipo bei nyingine ambayo mzazi anafaa kuijua. Tangu Agosti 2013, Valve imekuwa ikitoa mapambo ya silaha yanayonunuliwa kwa pesa halisi, mengine yakipatikana kwa bahati nasibu ndani ya masanduku. Mnamo 2018 tume ya kamari ya Ubelgiji iliamua kwamba masanduku ya aina hiyo yalikuwa kinyume na sheria za nchi hiyo. Pambo hugeuza rangi ya bunduki tu. Halizidishi nguvu yake wala halimwongezei mtu shabaha.

Kinachoongeza uwezekano wa kushinda hakiuzwi. Ni wachezaji watano kuulizana, kabla ya kubonyeza kitufe chochote: nani ana kiasi gani, adui amebakiwa na nini, na je, tunanunua sote au tunangoja sote? Jifya moja haliinjiki chungu, na AK-47 moja haiwezi kubeba timu nzima.