Jicho la Mtazamaji: Habari ya Theluji ya Kilimanjaro

Waalimu wenzetu hutuuliza mara kwa mara: je, elimu ni ile ile kwa watu wote, au hubadilika kwa ajili ya yule anayeitafuta? Twapenda kujibu kwa habari moja ya kale ya nchi hizi zetu.

Tarehe 11 Mei 1848 Johannes Rebmann, mmisionari aliyekaa Rabai karibu na Mombasa, alikuwa safarini kwenda Uchagga. Juu ya mlima aliona kitu cheupe, akadhani ni wingu. Alipomwuliza kiongozi wake, huyo alijibu kwa neno moja tu: baridi. Rebmann alizaliwa Württemberg, katika Ujerumani, ambako theluji huanguka kila mwaka. Basi mara akakitambua kitu kile. Walakini kiongozi naye hakukosa. Mmoja alitaja kitu, mwenziwe alitaja jinsi mwili unavyokisikia. Wakamba, waliouona mlima toka mbali, waliuita mlima wa weupe. Wachagga, wakaao chini yake, wana jina la kila kilele, Kibo na Mawenzi. Na mlima ni ule ule.

Habari hizi zilipochapwa Uingereza mwaka 1849, mtaalamu wa jiografia, William Desborough Cooley, alizikataa, na katika kitabu chake cha mwaka 1852 akazidi kuzikataa, ingawa Krapf naye alikuwa ameiona theluji. Cooley hakufika kamwe huku bara; elimu yake ilitoka katika vitabu na masimulizi ya wasafiri. Hatumlaumu kwa kuona shaka, maana hiyo ndiyo kazi ya mtaalamu. Kosa lake, kwa maoni yetu, ni hili: alikumbuka kwamba Rebmann ana macho ya mtu mmoja tu, bali yeye mwenyewe alijihesabu kana kwamba hana mahali anapotazamia, kana kwamba chumba cha vitabu huko London si mahali. Hata Baron von der Decken alipopanda mlimani mwaka 1861 na tena 1862, akaithibitisha theluji, Cooley hakukubali.

Ni rahisi kumcheka. Lakini sisi tuandikao desturi za watu wetu tumo katika hatari ile ile, tena kwetu hakuna mlima wa kupanda ili kumsuta mwandishi. Katika ujana wetu tuliandika habari za matanga. Mtu akisoma daftari lile atadhani kwamba matanga ni shauri la wanaume wakaao barazani, wakiulizana madeni ya marehemu na kugawa urithi. Hatukuandika uongo hata neno moja. Barazani ndiko tulikokaa. Miaka mingi baadaye tulimsomea mama mmoja mzee kurasa zile. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na ndani, Mwalimu, hukuingia?" Akatueleza habari za mjane, nani hukaa naye, nani humpikia, maneno gani hayasemwi mbele yake, na siku gani hutolewa nje. Katika hayo hatukuwa na hata mstari mmoja.

Tangu siku ile, juu ya kila ukurasa wa daftari letu twaandika nani aliyesema, na wakati wa mambo yale yeye alikuwa amekaa wapi. Kurasa za matanga hatukuzifuta. Juu yake tumeandika: barazani, mwalimu. Za yule mama zimefuata nyuma yake, nazo ni nyingi zaidi.