Programu za BASIC za bure: Nani ameshika ufunguo wa daftari?

NYASUBI, KAHAMA

MFANYABIASHARA wa mpunga au mnunuzi wa dhahabu anayefanyia shughuli zake Nyasubi hahitaji kuhubiriwa umuhimu wa kumbukumbu. Wahenga walikwishasema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Swali linalowakabili wengi ni jingine: daftari likishahamishiwa kwenye kompyuta, nani anabaki na ufunguo wake?

Kahama ni mji wa hesabu nyingi. Upande mmoja kuna mpunga unaokobolewa mjini na Kagongwa, kisha kupakiwa kwenye malori. Upande wa pili kuna dhahabu ya wachimbaji wadogo wa ukanda unaoelekea Geita. Katikati yake yapo maduka ya jumla, stoo, gereji na nyumba za wageni zinazotegemea fedha ya biashara hizo mbili. Hesabu za biashara kama hizi si ngumu, lakini ni nyingi, na kosa dogo linalorudiwa kila siku hula mtaji taratibu.

Ndiyo maana programu fupi zilizoandikwa kwa lugha ya BASIC zimekuwa na soko kwa muda mrefu. Fundi huketi na mwenye duka, husikiliza namna anavyouza na kukopesha, kisha humwandikia programu ya kazi hiyo tu. Tatizo huanza baadaye. Fundi akihama mji, mashine ikifa, au Serikali ikibadili kiwango cha kodi, mwenye duka hugundua kwamba alinunua hesabu asizoweza kuzifungua wala kuzirekebisha.

Hesabu ya gramu 50

Mfano wa mnunuzi wa dhahabu unaonyesha jambo hili vizuri. Bei ya dunia hutajwa kwa wakia, na wakia moja ya dhahabu ni gramu 31.1035. Bei ya wakia ikiwa dola 3,110.35, gramu moja ya dhahabu safi ni dola 100. Dola ikibadilishwa kwa shilingi 2,500, gramu hiyo ni shilingi 250,000. Viwango hivyo ni vya mfano tu.

Mchimbaji akileta gramu 50 zenye usafi wa asilimia 90, dhahabu safi ni gramu 45, yaani shilingi 11,250,000. Mrabaha wa asilimia 6 ni shilingi 675,000, na ada ya ukaguzi ya asilimia 1 ni shilingi 112,500. Kinachobaki ni shilingi 10,462,500, kabla ya gharama nyingine na faida ya mnunuzi.

Kwa BASIC, hesabu hiyo yote huandikwa kwa mistari isiyozidi kumi. Mstari mmoja husema MRABAHA = 0.06. Mwenye kuuona mstari huo anaweza kuubadili kwa sekunde chache. Asiyeweza kuuona hubaki na programu inayoendelea kukokotoa kwa kiwango cha zamani, na hasara inaweza kumfika kabla hajaitambua.

Viwango hubadilika kweli. Mwaka 2017 mrabaha wa dhahabu ulipandishwa kutoka asilimia 4 hadi 6, na ada ya ukaguzi ya asilimia 1 ikaanzishwa. Mwaka 2019 wachimbaji wadogo walipewa nafuu ya kodi wakati masoko ya madini yalipoanzishwa, la Geita likiwa la kwanza kufunguliwa. Kodi ya Ongezeko la Thamani, iliyoanza 1998 kwa asilimia 20, ilishushwa hadi asilimia 18 mwaka 2009. Programu ya biashara isiyofunguka, hata ikiwa nzuri kiasi gani siku ya kwanza, ina siku yake ya kuharibika.

Ilikotoka BASIC

BASIC ilianza kufanya kazi tarehe 1 Mei 1964 katika chuo cha Dartmouth, Marekani. Waliobuni ni walimu wawili wa hesabu, John Kemeny na Thomas Kurtz, waliotaka hata mwanafunzi asiyesomea sayansi aweze kuitumia kompyuta. Lugha yao haikuuzwa. Wengine waliruhusiwa kuichukua na kuitumia.

Ugomvi wa bei ulikuja na kompyuta ndogo. Mwaka 1975 kampuni changa ya Microsoft iliuza BASIC kwa ajili ya mashine iliyoitwa Altair. Februari 1976 Bill Gates aliandika barua ya wazi akilalamika kwamba wapenzi wa kompyuta wanainakili kazi hiyo bila kulipa. Mwaka huohuo wengine walijibu kwa vitendo: waliandika Tiny BASIC, lugha ndogo ya kutosheleza mashine hizo, na kuisambaza bure pamoja na maandishi yake asilia. Soko la BASIC limekuwa na pande hizo mbili tangu wakati huo.

Tanzania iliingia kwenye soko hilo kwa kuchelewa. Mwaka 1974 Serikali ilizuia uingizaji wa kompyuta nchini, na zuio hilo liliondoka miaka ya 1990 pamoja na vikwazo vingine vya biashara. Mashine za wakati huo zilitumia MS-DOS, ambayo kuanzia toleo la 5 la mwaka 1991 ilibeba ndani yake QBasic. Mwaka huohuo Microsoft ilitoa Visual Basic, iliyomwezesha fundi kuchora madirisha na vitufe badala ya kuandika kila kitu. Toleo lake la 6, la mwaka 1998, lilipendwa mno na mafundi wa programu za maduka.

Hata hivyo Microsoft ilisitisha huduma kwa chombo cha kuandikia Visual Basic 6 mwezi Aprili 2008. Programu zilizokwisha kuandikwa bado huendeshwa na Windows, lakini anayetaka kuzirekebisha anahitaji chombo kisichouzwa tena kwa njia ya kawaida. Pengo hilo hujazwa na nakala za wizi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta kama inavyovilinda vitabu, na nakala ya wizi huweza kuja na virusi vitakavyokula hesabu za mwaka mzima.

Bidhaa zilizopo sokoni

Kwa mfanyabiashara anayetaka kutoka huko, vyombo vya bure vipo vya kutosha. Tofauti yao iko kwenye kazi kila kimoja inachoifaa.

FreeBASIC. Ilianza kutolewa mwaka 2004. Hufanya kazi kwenye Windows, Linux na hata DOS, na inao utaratibu maalumu wa kusoma programu za zamani za QBasic. Mzigo wake kwenye intaneti haufiki megabaiti 100, jambo muhimu kwa anayenunua bando. Leseni yake inamruhusu fundi kuuza programu aliyoiandika kwayo. Udhaifu wake ni kwamba haina mchoro wa madirisha kama wa Visual Basic. Inafaa zaidi kwa hesabu na ripoti.

QB64. Hii inamfaa mwenye programu ya kale ya QBasic inayofanya kazi vizuri lakini imegoma kwenye mashine mpya. Mara nyingi programu hiyo huendeshwa bila mabadiliko makubwa, kwenye Windows, Linux au kompyuta za Apple.

Gambas. Kazi hii iliasisiwa na Mfaransa Benoît Minisini. Aliyezoea Visual Basic ataona madirisha, vitufe na fomu za aina aliyoizoea, na inaunganishwa na hifadhi za data kama SQLite na MySQL. Inatumika kwenye Linux, ambayo nayo ni bure. Haifungui kazi ya Visual Basic 6 moja kwa moja. Fundi atalazimika kuiandika upya.

LibreOffice. Ndani ya programu hii ya ofisi, iliyotokana na OpenOffice.org mwaka 2010, mna BASIC yake. Anayetunza hesabu kwenye majedwali anaweza kuanzia hapo bila kununua chochote, na baadhi ya amri zilizoandikwa kwa ajili ya Excel hukubalika. Watanzania wanayo historia na familia hii: Desemba 2004 mradi wa KiLinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulizindua Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice.org iliyotafsiriwa kwa Kiswahili.

B4A. Hiki ni chombo cha kuandikia programu za simu za Android kwa lugha ya mtindo wa Visual Basic. Kilikuwa kikiuzwa, lakini tangu 2020 kinatolewa bure. Kwa mnunuzi anayezunguka machimboni na simu mfukoni badala ya kompyuta, ndicho cha kuangaliwa kwanza. Ikumbukwe kwamba kutolewa bure ni uamuzi wa kampuni yenye mali. Si sawa na chombo ambacho maandishi yake yako mikononi mwa umma.

Mtego wa dola milioni 1

Microsoft yenyewe hutoa Visual Studio Community bila malipo tangu Novemba 2014, na Visual Basic ya kisasa imo ndani yake. Hapa ndipo mfanyabiashara anapotakiwa kuisoma leseni kabla ya kushangilia.

Fundi binafsi anaruhusiwa kuitumia kuandika programu zake mwenyewe, hata za kuuza. Kampuni ndogo inaruhusiwa watumiaji wasiozidi watano. Lakini kampuni yenye kompyuta au watumiaji zaidi ya 250, au yenye mapato ya mwaka yanayozidi dola milioni 1, huhesabiwa kuwa kampuni kubwa. Hiyo hairuhusiwi kuitumia kwa kazi zake za kawaida, na fundi anayeifanyia kazi kwa mkataba hufungwa na sharti hilohilo.

Dola milioni 1 husikika kama fedha ya kampuni ya mgodi. Kwa bei ya mfano iliyotumika hapo juu, hizo ni kilo 10 tu za dhahabu safi kwa mwaka mzima, kwa kuwa kinachohesabiwa ni mapato na si faida. Mfanyabiashara wa mchele, kwa bei ya mfano ya shilingi 2,000 kwa kilo, angelazimika kuuza tani 1,250 kufikia kiasi hicho. Kwa hiyo mnunuzi wa dhahabu mwenye meza moja, mzani mmoja na karani mmoja anaweza kuwa kampuni kubwa kwa mujibu wa leseni bila yeye mwenyewe kujua.

Njia halali ya kupita ipo. Sehemu inayoyageuza maandishi ya Visual Basic kuwa programu ya kuendeshwa hutolewa pamoja na vifaa vya .NET kwa leseni huria isiyouliza mapato, na inaweza kutumika bila Visual Studio. Hata hivyo, Machi 2020 Microsoft ilitangaza kwamba haina mpango wa kuiendeleza Visual Basic kama lugha. Itaendelea kufanya kazi, ila mambo mapya yatakwenda kwingine.

Masharti ya kumpa fundi

Bei ya vyombo ikiwa sifuri, gharama inayobaki ni ya mtu: siku za fundi, mafunzo ya karani na matengenezo. Hapo ndipo mkataba unapohitajika, hata ukiwa wa ukurasa mmoja. Mambo manne hayafai kukosekana.

Kwanza, maandishi asilia ya programu yakabidhiwe kwa mwenye biashara pamoja na programu yenyewe, na malipo ya mwisho yasitolewe kabla ya hapo. Makabidhiano yafanyike kwa kuyafungua kwenye kompyuta nyingine na kuitengeneza programu upya mbele ya mwenye mali. Diski iliyojaa mafaili yasiyojulikana si makabidhiano.

Pili, viwango vyote vya kodi, mrabaha na kubadilishia fedha viwekwe mahali pamoja, vikiwa na majina ya Kiswahili, ili fundi mwingine avibadili bila kupekua programu nzima.

Tatu, kumbukumbu za mauzo na madeni zihifadhiwe kwa namna inayosomeka na programu nyingine, kwa mfano faili la maandishi au jedwali. Nakala ya akiba itolewe kila jioni na isikae chumba kimoja na kompyuta.

Nne, mipaka ya kisheria ijulikane. Programu ya dukani haichukui nafasi ya mashine ya EFD, iliyoanza kutumika nchini mwaka 2010. Na orodha ya wateja wanaodaiwa, yenye majina na namba zao za simu, ni taarifa binafsi zinazolindwa na sheria ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023.

Kwa anayeanza, hatua nafuu ni kuchukua hesabu moja inayomsumbua kila siku, kama ile ya gramu 50 au ya magunia ya mpunga yaliyogeuzwa kuwa kilo, na kuiandika kwa LibreOffice au FreeBASIC. Daftari la karatasi liendelee kuandikwa sambamba kwa mwezi mmoja. Majibu ya pande zote mbili yakilingana hadi siku ya mwisho, ndipo hesabu ya pili ihamishwe. Yasipolingana, afadhali kosa lijulikane wakati daftari la zamani bado liko mezani.