MTEJA WAKO ANA MKONO MMOJA TU, MRAHISISHIE

Leo tuongelee kidole gumba cha mteja, maana ndicho kinacholeta hela.

Panda mwendokasi pale Gerezani saa kumi na moja jioni uangalie watu. Huyu kashika bomba, yule ana mfuko wa mzigo aliotoka kununua Kariakoo, mama ana mtoto begani. Simu iko mkono mmoja. Na ndo muda huo huo wanaperuzi madera yangu.

Siyo huku kwetu tu. Mwaka 2013 mtafiti Steven Hoober aliangalia watu wanavyoshika simu mitaani, vituoni na kwenye mabasi. Kati ya waliokuwa wanagusa skrini, asilimia 49 walitumia mkono mmoja. Na simu zimezidi kukua: iPhone ya kwanza ya 2007 ilikuwa na skrini ya inchi 3.5, leo simu nyingi zimepita inchi 6. Kidole gumba hakijaongezeka.

Gumba linafika vizuri chini na katikati ya skrini. Kona ya juu ya upande wa pili halifiki mpaka mtu asogeze mkono, na kwenye msongamano hapo simu inaanguka au inakwapuliwa. Kwa hiyo mteja anasema "nitaagiza nikifika nyumbani". Akifika kashasahau, au kanunua kwa mwingine.

Haya ndo ninayofanya dukani kwangu:

1. Oda ianze kwa kubofya mara moja. WhatsApp Business ina linki fupi, na unaweza kuiwekea ujumbe wa mwanzo. Mimi nimeandika "Habari, naomba kuagiza". Mteja akibofya linki, maneno yapo tayari, yeye anatuma tu.

2. Usimwandikishe insha. Weka namba na bei juu ya kila picha. Badala ya "lile la maua ya bluu la pili kutoka juu", anajibu "4". Hata saizi mpe achague: 1 ndogo, 2 ya kati, 3 kubwa. Na ile "bei njoo inboksi" inamwongezea kazi kabla hata hajaamua.

3. Lipa namba itume peke yake. Ujumbe wa kwanza: kiasi na jina litakalotokea, ili ahakikishe kabla ya kuweka namba ya siri. Ujumbe wa pili: namba tupu, bila neno lolote. Anaubonyeza kwa muda, ananakili, anabandika kwenye programu ya malipo. Ukichanganya namba na maelezo, itabidi aikariri au atafute kalamu. Ndani ya daladala kalamu ataitoa wapi?

4. Una tovuti, au unatengenezewa? Mwambie fundi kitufe cha AGIZA kikae chini ya skrini na kienee upande hadi upande, ili hata anayetumia mkono wa kushoto akifikie. Urefu wake usipungue kama sentimita moja, gumba si sindano. Na FUTA ikae mbali na LIPA, maana basi likipiga breki kidole kinateleza.

Kuna mtu atasema mteja mwenye nia atahangaika tu. Ndugu yangu, Kariakoo mteja akiona mlango wako umebanwa na mzigo anaingia duka la jirani. Mtandaoni jirani yako yuko mbali kiasi cha kutelezesha kidole.

Kazi ya leo: weka mkono mmoja mfukoni, simama, kisha jaribu kununua kitu dukani kwako mwenyewe, kuanzia picha mpaka kulipa. Kila sehemu utakayotamani kutoa ule mkono wa pili, hapo ndo pa kurekebisha. Ukimaliza, mpe simu mama au shangazi naye ajaribu, wewe kaa kimya uangalie.

Mtumie na mwenzako anayeuza mtandaoni. Biashara njema.