Hatua Kumi za Kutangulia

Paukwa! Pakawa!

Sogeeni karibu, wanangu. Leo sina sungura wala fisi. Nina hadithi ya mwalimu wa hesabu na namba anayetajwa kuibuni, namba iliyosafiri mpaka ikafika kwenye mikeka ya kubeti ambayo kaka zenu huichungulia kwenye simu.

Tuanze na mbio. Mwanafunzi wa darasa la saba akishindana na wa darasa la pili hadi kwenye mwembe ule, nani atashinda? Jibu mnalijua, ndiyo maana hakuna atakayejisumbua kutazama. Lakini mkimruhusu mdogo atangulie hatua kumi, wote mtasimama. Hatua hizo kumi ndizo hendikepu: mwenye nguvu anapunguziwa au dhaifu anaongezewa, ili mchuano uwe mkali. Kwenye mbio za farasi za Uingereza, farasi hodari hubebeshwa uzito zaidi ya wenzake. Shabaha ni ileile.

Mwalimu wetu ni Mmarekani, Charles McNeil. Alifundisha hesabu, akafanya kazi benki, kisha katika miaka ya 1940 akafungua ofisi ya kupokea dau mjini Chicago. Siku hizo wapokea dau walikuwa na taabu moja. Timu kubwa ikikutana na timu dhaifu, karibu kila mtu aliweka pesa zake kwa timu kubwa. McNeil, anayetajwa zaidi kuwa ndiye aliyeileta namba hiyo, akabadilisha swali. Hakuuliza tena nani atashinda. Aliuliza atashinda kwa pointi ngapi.

Tuchukue mpira wa kikapu. Bluu ni hodari, Wekundu ni dhaifu. Kwenye mkeka Bluu wameandikiwa −6 na Wekundu +6. Mchezo unaisha 70 kwa 66. Uwanjani Bluu wanashangilia. Lakini kwenye mkeka tunawapunguzia Bluu pointi 6, wanabaki na 64 dhidi ya 66. Aliyewabetia Bluu amepoteza, ingawa timu yake imeshinda! Je, ingekuwa 70 kwa 64? Ukitoa 6 zinakuwa sare, na kila mtu anarudishiwa pesa yake. Ndiyo maana mara nyingi mtaona −6.5. Hakuna timu inayofunga nusu pointi, kwa hiyo sare haiwezekani. Katika kandanda huhesabiwa mabao: timu yenye −1.5 lazima ishinde kwa tofauti ya mabao mawili au zaidi.

Hapo mtaniambia, babu, mbona ni haki tupu? Subirini. Fungueni masikio.

Huko Marekani desturi ya dau hili ni kuweka dola 110 ili upate faida ya dola 100. Mmoja akiweka 110 kwa Bluu na mwingine 110 kwa Wekundu, mezani kuna 220. Mshindi anaondoka na 210, yaani 110 zake na faida ya 100. Kumi zimekwenda wapi? Zimebaki kwa mwenye ofisi, ambaye hakujali nani ameshinda. Sasa hesabuni wenyewe. Ukibeti mara 21, ukashinda 11 na kushindwa 10, umepata 1,100 na umepoteza 1,100. Umepatia mara nyingi kuliko ulivyokosea, na mfukoni hujaongeza hata senti. Ukipatia nusu tu, unarudi nyumbani na hasara. Kumbe katika mbio hizi aliyetangulizwa hatua kumi si Wekundu. Ni mwenye ofisi.

Namba hiyo ilileta balaa jingine. Zamani, aliyetaka kununua mchezo ilibidi amshawishi mchezaji afungwe, na mchezaji gani anapenda kufungwa? Kwa hendikepu, mlaghai alikuja na maneno laini: “Shindeni tu, ila msishinde kwa pointi nyingi.” Chuo cha City College cha New York kilitwaa mataji yote mawili makubwa ya mpira wa kikapu wa vyuo mwaka 1950. Mwaka uliofuata, baadhi ya wachezaji wake mashujaa walikamatwa kwa kupokea pesa ili wapunguze pointi. Uchunguzi uligusa vyuo 7 na wachezaji zaidi ya 30.

Yote yalifichuka kwa sababu ya kijana mmoja. Junius Kellogg alikuwa mchezaji wa kwanza mweusi katika timu ya Manhattan College, hukohuko New York. Januari 1951 aliahidiwa dola 1,000 ili acheze chini ya uwezo wake. Hakuwa mtoto wa tajiri, na fedha hiyo ilikuwa nyingi. Alikwenda moja kwa moja kwa kocha wake akasema yote, na habari ikafika kwa polisi. Timu yake ikaingia uwanjani kucheza na timu ya DePaul, ikashinda. Miaka mitatu baadaye ajali ya gari ilimpoozesha mwili, lakini hakuuacha mpira: alikuwa kocha wa wachezaji wa kikapu wa viti vya magurudumu.

Wanangu, kuijua hendikepu si dhambi. Ni hesabu ya kutoa na kujumlisha, na anayeijua hadanganyiki upesi. Lakini sheria za Tanzania na Kenya hazimruhusu aliye chini ya miaka 18 kubeti, na hata mkifika umri huo, ile 110 kwa 100 haitabadilika kwa sababu mmekua. Kaka akikwambia mkeka wa leo hauchaniki, mwombe akuhesabie zile mara 21. Kisha nendeni uwanjani mkacheze, na mkifunga, fungeni kwa nguvu zenu zote.

Hadithi yangu imeishia hapo.